Mama Mseto Aiacha Filimbi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mwalimu wetu wa michezo anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka ishirini na tisa. Katika muda huo amefanya kazi chini ya walimu wakuu watano, amemaliza raba zisizo na idadi, na hajawahi hata mara moja kufika kazini akiwa amechelewa, jambo ambalo sisi wenzake tumelichukulia kama uchokozi. Wazazi wanamwita Mwalimu. Mume wake, fundi cherehani, anamwita Bosi. Shule nzima iliyobaki inamwita Mama Mseto, na jina hilo lina kisa chake.

Alipoajiriwa, kiwanja kilikuwa hiki hiki, kimebanwa kati ya madarasa na ukuta wa gereji ya jirani. Kipindi cha michezo kilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeupanga lakini kila mtu aliufuata. Wavulana wachache hodari walicheza mpira wa miguu. Wavulana wengine waliwatazama. Wasichana walisimama kando ya ukuta, wakiwashikia masweta wale hodari. Mwalimu mgeni aliitazama hali hiyo wiki nzima. Wiki iliyofuata aliyakusanya masweta, akayarudisha kwa wenyewe, akatangaza kwamba kuanzia siku ile darasa zima litacheza, na litacheza mchezo mmoja.

Mchezo gani? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wasichana walijua mpira wa pete, wavulana walijua wa miguu, na wachache walikuwa wameuona mpira wa mikono kwenye televisheni. Yeye akaichanganya yote kuwa mchezo mmoja, akauita mseto. Mpira ukiwa hewani ni wa mikono: udake, upitishe, ila usizidishe hatua tatu. Ukianguka chini ni wa miguu, na hakuna ruhusa ya kuushika mpaka mwenzako aubetue juu kwa mguu. Ukipigwa ukapita kati ya milingoti, bao moja. Ukirushwa ukapenya kwenye ringi iliyofungwa juu ya goli, mabao mawili. Kisha akaongeza sheria iliyozua kelele kuliko zote: bao halihesabiwi mpaka kila mchezaji wa timu awe ameugusa mpira. Ambaye hajaugusa ana haki ya kupaza sauti, "Bado mimi!" na wenzake wana wajibu wa kumtafuta.

Hakuufundisha kwa mkupuo. Kipindi cha kwanza hapakuwa na mpira kabisa. Watoto walipitishiana sweta lililoviringishwa huku wakitembea, kukimbia marufuku, ili wazoee kutazamana usoni. Kipindi cha pili ikawa mikono tu, cha tatu miguu tu. Cha nne aliviunganisha, na ikawa vurugu tupu. Wavulana walisahau kwamba wana mikono. Wasichana waliuokota mpira chini, wakakumbuka sheria, wakautupa kama kaa la moto. Mlinzi mmoja aliudaka vizuri kabisa, akaurusha kwenye ringi ya timu yake mwenyewe, akashangilia peke yake. Mwalimu aliwaita katikati na kuwauliza, "Nani hajaugusa?" Mikono kibao ikanyooshwa. "Basi tatizo si mpira, wanangu. Tuanze tena."

Si kila mtu alifurahi. Siku moja fundi wa kuchomelea vyuma aliingia ofisi ya mwalimu mkuu wa wakati ule, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Binti yake alikuwa amehamia darasa la sita, mtoto mpole ambaye walimu tulikuwa hatujui sauti yake ikoje. "Nimemleta asome," fundi alisema, "sikumleta apigwe vikumbo na wavulana." Wazazi wengine wakamuunga mkono. Mwalimu mkuu, mtu asiyependa makuu, akakata shauri: Jumatano wazazi waje watazame kipindi kimoja. Wakiukataa mseto, basi ndiyo mwisho wake, kila mtu arudi alikokuwa.

Tulimshauri Mama Mseto achague wachezaji wake wazuri. Akatuuliza hao wengine wakakae wapi. Jumatano akaingia kiwanjani na darasa la sita kama lilivyo, pamoja na binti wa fundi.

Kipindi kilikwenda bila bao. Timu ya yule binti ilifika golini mara kwa mara, na kila mara filimbi ililia, maana yuko mmoja ambaye hajaugusa. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Wenzake walimfuata na mpira, naye akawakwepa. Nahodha, mvulana mwenye haraka zake, akamkimbilia mwalimu.

"Mwalimu, leo tu tuiache hiyo sheria. Wazazi wanatuangalia!"

"Leo hasa hatuiachi," akajibu. "Rudi ukacheze."

Wazazi wakaanza kunong'onezana. Mwalimu mkuu akawa anajikuna kidevu, dalili mbaya. Mama Mseto hakumwita binti wala hakumsukuma, lakini sisi tuliokuwa karibu tuliona alivyoikaba ile filimbi mkononi. Miezi yake yote ya kazi ilikuwa imesimama pale pembeni na mikono nyuma.

Ndipo ikatoka sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Bado mimi!"

Wenzake walishtuka mpaka wakasimama. Fundi naye alishtuka. Binti akarudia, safari hii kwa nguvu na kwa hasira kidogo, "Jamani! Bado mimi!"

Nahodha akaurusha kwa pupa, mpira ukampata binti tumboni, puu, ukaanguka miguuni pake. Ubishi ukalipuka: amegusa, hajagusa, tumbo si mkono, tumbo si mguu. "Tumbo ni la kwake!" Mama Mseto akapaza sauti kuliko wote. "Amegusa! Chezeni!" Binti akaupiga teke, sijui kama alikusudia, ukabetuka juu, nahodha akaudaka, akarusha, ukapenya kwenye ringi. Mabao mawili. Tulipomtazama binti tena, alikuwa ameshika tumbo lake, anacheka mpaka machozi, na wenzake wamemvamia.

Fundi alivuka mstari, akaja moja kwa moja hadi kwenye goli. Tukasema haya, limefika. Akainua kichwa.

"Mwalimu, hii ringi mmeifunga kwa kamba?"

"Kwa kamba, baba. Ndiyo uwezo wetu."

"Itamwangukia mtoto," fundi akasema, akatoa futi mfukoni na kuanza kupima.

Magoli ya chuma tuliyo nayo leo, yenye ringi juu yake, yametoka mikononi mwake. Wazazi wengine hawakupiga kura yoyote. Walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu tumbo.

Kuanzia hapo mseto ukashika kasi. Shule tatu za jirani ziliuomba, naye akaenda kuwafundisha walimu wa shule hizo, wengi wakiwa wamevaa viatu visivyofaa. Alipojiunga nasi mtoto asiyesikia, mwalimu alibadilisha utaratibu: yeyote anayeudai mpira ainue mikono miwili, wala hakuona haja ya kueleza sababu. Alianzisha pia mechi ya kila mwaka kati ya walimu na wanafunzi. Ya mwaka wa kwanza ilikuwa patashika nguo kuchanika, na nguo kweli ilichanika. Suruali ya mwalimu wa hesabu haikuonekana tena shuleni.

Tusimpambe mno. Ni mama mwenye vituko vyake. Kikao cha walimu kikirefuka, anapuliza filimbi na kusema muda umekwisha, na waliomkasirikia ni wale tu waliokuwa wanaongea. Mimi ninayeandika haya, mwalimu wa maktaba, nimewahi kukutwa nimesinzia kati ya rafu, nikatolewa nje kukimbia mzunguko mmoja. Nilikimbia. Hukatai.

Muhula huu amepata mrithi, mwalimu binti aliyetoka chuoni juzi. Wiki iliyopita, ofisini, binti huyu alipendekeza mseto uchezwe kwa mipira miwili kwa pamoja. Vikombe vya chai vilisimama hewani. Hakuna kati yetu aliyewahi kuthubutu kugusa sheria za mchezo ule mbele ya mwenyewe.

Mama Mseto alimaliza chai yake kwanza. "Refa atautazama upi?"

"Yote miwili, Mwalimu. Nitajitahidi."

"Haya. Kesho tujaribu. Filimbi shika wewe, mimi nitacheza."

Akacheza kweli, na goti lake bovu, upande wa darasa la tano. Alipokuwa anaufukuzia mpira mmoja, wa pili ukapita nyuma yake. Wakafungwa. Akarudi ofisini jasho linamtiririka, akavua raba, akajitupa kitini. Tulisubiri hukumu.

"Wamenifunga huku natazama kwingine," akasema, uso umemchangamka kama mtoto. "Umekuwa mtamu zaidi. Asije mtu akaurudisha kama zamani."

Mwalimu, ahsante kwa watoto uliowatoa ukutani, na kwa sisi uliotutoa vitini. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likukute kitandani, ucheke na wajukuu. Maisha mema yakuandame, dada yetu, nawe usiyakimbie.