Namba ya Sili kwenye Sanduku la Matayo

Matayo Wandera alifariki dunia saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Jumanne tarehe 4 Machi 2025, hospitalini Tororo, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Alizaliwa Masaba, wilaya ya Busia, tarehe 9 Novemba 1960, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari Tororo hadi mwaka 1978, na mwaka 1983 akaajiriwa Malaba na kampuni ya kupitisha mizigo, kazi yake ikiwa kufunga sili, ule utepe wa chuma wenye namba unaowekwa kwenye mlango wa lori ili ukikatwa ijulikane. Kazi hiyo ilimfundisha kutoamini mlango kwa sababu tu umefungwa.

Tarehe 14 Desemba 1985 alimwoa Selpher Ajambo, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, wakajaliwa mtoto mmoja, Damalie, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1988, ambaye ndiye msomaji wa historia hii.

Mwaka 1991 kamusi aliyoachiwa na dereva ilimwonyesha kwamba neno la Kiingereza "seal", lililotupa sili, lina kazi nyingi kuliko karatasi za forodha zinavyokiri, ni muhuri wa serikali, ni kuziba bomba linalovuja, ni kuthibitisha mapatano, tena ni mnyama wa baharini ambaye Malaba hakuna aliyewahi kumwona. Alilitilia shaka kama lori lenye hati mbili za safari, akalifungulia daftari, akahoji madereva, walimu na padri, hadi mwaka 1998 akaridhika kwamba hayo ni maneno mawili, la muhuri limetoka Kilatini, maana yake alama ndogo, likapitia Kifaransa, na la mnyama ni Kiingereza cha kale, yakakutana njiani yakavaa sura moja.

Alistaafu mwaka 2019. Daftari hilo na mkataba wa shamba aliviweka katika sanduku la bati, akalifunga kwa sili, na kila alipobadilisha sili alimpa mdogo wake Moses namba mpya, kwa kuwa kazini namba hutangulia kwa anayepokea mzigo, haisafiri ndani ya mzigo.

Tarehe 21 Februari alipata kiharusi, akalazwa, na kwa siku kumi na moja Selpher ndiye aliyekuwa na ufunguo wa nyumba. Siku moja baada ya kifo, Moses alisoma sili ya sanduku, 4417, wakati karatasi yake ilisema 3902.

"Shemeji, namba haifanani," alisema mbele ya ukoo. "Nani alikata?"

"Sijaigusa," Selpher alijibu. "Iacheni hivyo hivyo mpaka watu wajae, ndipo mfungue."

Ukoo uliamua asikae kando ya jeneza hadi jambo lijulikane, akakaa jikoni siku tatu, na Damalie mwenyewe alijikuta akihesabu siku ambazo mama yake alikuwa peke yake na sanduku.

Leo Jumamosi, saa tatu asubuhi, Moses alikata sili mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mkataba ulikuwamo. Daftari lilikuwamo, na ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa Matayo, una tarehe 20 Februari, maana ya kumi na tisa ya neno lile, kufunga midomo isiseme, na chini yake maneno haya: sili ya zamani nimekata mwenyewe, mpya ni 4417, Moses aambiwe. Namba aliifungia ndani, kosa ambalo kwa miaka thelathini na sita aliwakemea wenzake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tororo, majirani wa Masaba waliopika na kuchota maji, na wafunga sili wa Malaba, wakiwemo waliovuka mpaka kuja.

Mzee Matayo, pumzika. Saa nne na robo Moses amebeba kiti kwa mikono yake, amekiweka kando ya jeneza lako, na Selpher amekaa.