Asali ya Kunirudishia Mwili

Mama zangu, dada zangu, naomba nisimame mwenyewe kabla mwenyekiti hajanisimamisha. Nikiendelea kukaa nitapata sababu ya kutoka nje, nyie mnanijua. Mungu ametufikisha tena kwenye kikao chetu, nashukuru, na leo nina neno.

Wengi mlinifahamu nikiwa bonge. Msitazame chini, chekeni tu. Pale Mwamkulu bodaboda akiniona nasimama barabarani alikuwa anajifanya anaongea na simu. Na mimi nilikuwa nacheka kuliko wote. Kwenye misiba na harusi, mwiko mkubwa ulikuwa wangu. Ugali wa watu wote nasonga mimi, halafu nakaa kwenye sinia na wenzangu na tunapiga kelele mpaka wanaume wanatugeukia. Nilipendwa. Nawaambia ukweli, nilipendwa pamoja na ule unene wangu.

Lakini ndani nilikuwa naisha. Sukari ilikuwepo, presha ilikuwepo, magoti hayanibebi. Nikilala pumzi inakatika, mume wangu ananitikisa akidhani nimeshaondoka. Kaka yangu wa Dar akanipeleka hospitali, na huko wakanieleza kuna operesheni ya kupunguza tumbo la chakula. Wanaacha kipande kidogo tu, wanakiunganisha na utumbo. Nikakubali. Daktari, mama mmoja mpole, akaniambia: "Mama, sisi kazi yetu imeisha leo. Yako ndiyo inaanza, na ni ya maisha." Nile kidogo, taratibu, nitafune sana. Samaki, mayai, maharage kwanza, ugali baadaye. Nisinywe maji katikati ya chakula. Vitamini nimeze siku zote. Na vitu vya sukari nivikimbie.

Nikarudi Mpanda. Huku tulijua mimi na mume wangu tu. Niliona aibu, jamani. Nilijua watasema, kumbe kula kulimshinda mpaka akakatwe.

Mwili ukaanza kushuka. Nguo zikawa zinaning'inia, nywele zikanyonyoka, ngozi ya mikono ikalegea. Lakini sukari ilitulia, na nilikuwa naenda sokoni kwa miguu bila kupumzika njiani. Ndani ya moyo nilikuwa napiga vigelegele. Huko nje sasa! Hapa kwetu mtu hapungui kwa heri. Nikipita, watu wananyamaza. Wengine wakasema ameanza dozi za ule ugonjwa, wengine wakasema mume ndiye aliyemletea. Mume wangu anasikia, anapita zake. Kwenye misiba nikishika mwiko, wananinyang'anya kwa upole: "Wewe pumzika, dada, usichoke." Nyie, kuna upole unaouma kuliko tusi.

Na kula ndiko kulikonimaliza. Sisi tunakula sinia moja. Mimi tonge moja natafuna mpaka lilainike kabisa, kwa sababu nikiharakisha linakwama hapa kifuani, nakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Nikiinua macho, wenzangu wameshanawa. Wameondoka. Nimebaki na sinia na nzi. Ikafika mahali nikawa nakula jikoni kwangu peke yangu, mlango nimeegesha, nikisikia watu wanacheka uani. Ndugu zangu, sijawahi kuwa mpweke vile, hata nilipomzika mama yangu.

Sasa mama mkwe wangu. Tunaishi naye kiwanja kimoja. Ni Msukuma wa ng'ombe, walihamia huku na mifugo yao zamani, na mimi namwita mayu, kama wanawe wanavyomwita. Mayu hakunisema hata siku moja. Yeye aliamua kunitibu. Akaagiza asali kutoka Mwese, ile nyeusi ya porini, na kila asubuhi ananiletea uji wa karanga uliokorogwa asali mpaka unavutika. "Kunywa, mwanangu, mwili urudi." Halafu anakaa. Hapo ndipo aliponipata, wenzangu: anakaa! Ananisimulia habari za Usukumani, za dume lao la ng'ombe lililokuwa linapiga watu, mpaka kikombe kiishe.

Na uji hautafunwi. Unateleza tu. Siku nyingine nikinywa moyo unakimbia, jasho linanitoka, natetemeka mpaka nalala. Mayu anasema hiyo ni dawa inapigana na ugonjwa. Mimi nikajifunza ujanja: nanywa kidogo kidogo, kutwa nzima, ili usinishtue. Majirani nao wakaanza kuja kumwona mgonjwa. Huyu na maandazi ya kuchovya kwenye chai, yule na soda. Nikawa na watu tena, jamani! Na mwili ukaanza kurudi. "Umenawiri," wananiambia, "Mungu anajibu." Magoti yakaanza kuniuma upya. Nikapima sukari, imepanda.

Mume wangu akasema, "Mwambie mama ukweli." Nikamjibu, "Nikimwambia, asubuhi nitakaa na nani?" Yeye anawahi mashambani kabla jua halijachomoza.

Mayu akaandaa shukrani. Akawaita akina mama nyumbani tumshukuru Mungu kwa kupona kwangu. Baadhi yenu mlikuwepo, wengine mmesikia vipande. Akanipa kikombe kikubwa mbele ya watu, ninywe chote waone. Ningekataaje? Ameshona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo! Nikanywa chote. Haikuchukua muda, masikio yakaziba, moyo ukaenda mbio, nikaanguka pale pale kwenye mkeka. Watu wakaanza kukemea mapepo. Mayu analia, amenipakata, na anajaribu kunimiminia asali mdomoni!

Nikaushika mkono wake. Nikamwambia, "Mayu, basi. Hiyo asali ndiyo inayoniangusha. Siumwi. Nilikatwa tumbo kwa sababu ya unene."

Mmoja akaguna, mwingine akatafuta kanga yake, wakatoka. Mayu akanilaza, akaingia kwake. Kesho yake uji haukuja. Wala kesho kutwa. Nikajua nimempoteza. Nilikuwa nakaa jikoni nasikia anafagia upande wake, na mimi siwezi hata kubisha hodi.

Halafu mchana mmoja akaingia na samaki, migebuka iliyochemshwa, sahani moja. Akakaa chini. "Haya, nionyeshe unavyokula." Nikakata kipande kidogo, nikatafuna. Naye akakata, akatafuna. Ananitazama mdomo. Mwishoni akasema, "Kumbe unakula kama ng'ombe anavyocheua." Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Akasema, "Mimi nimechunga toka utoto. Ng'ombe akicheua haharakishwi, unakaa kivulini unamngoja. Nitashindwa kumngoja mtu?" Kisha akanipiga kofi la bega, kwa hasira kweli. "Na siku nyingine nikikulisha sumu kwa mikono yangu, usiniambie asante!"

Toka siku ile tulikula pamoja. Hainuki mpaka nimalize. Mwili ukashuka tena polepole, sukari ikatulia, na mpaka leo ninavyosimama hapa imetulia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kaka yangu, na yule daktari, na mume wangu aliyebeba maneno ya watu bila kujitetea. Mayu namshukuru, ingawa hayupo. Amekwenda Usukumani kumwuguza mdogo wake, na hajui atarudi lini. Na hiyo ndiyo iliyonisimamisha leo. Nimerudi kula jikoni peke yangu. Juzi nilijikuta nakoroga uji wenye sukari, sina njaa hata kidogo, natamani tu mtu aje aseme "kunywa". Nikaumwaga. Kesho sijui kama nitaumwaga.

Somo langu ni fupi. Mtu akipungua, muulize yeye, usimuulize jirani. Na wewe uliyepungua, sema mapema, usingoje kuanguka kwenye mkeka. Mimi kisu kilinipunguza unene, lakini kubaki hivi kunahitaji watu, na peke yangu siwezi. Nimejaribu.

Nasikia harufu ya wali huko nje. Mimi nitakaa pale karibu na mlango wa jiko, nitakula kidogo, na nitachelewa sana kumaliza. Anayeweza kuchelewa na mimi, aje.