Wiebe Terpstra na Silinda ya Sita

Ijumaa tarehe 30 Juni 1989, saa tisa alasiri, Wiebe Terpstra atafunga sanduku lake la zana na kutoka katika Kiwanda cha Injini cha Pellworth, Ballarat, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita na miezi minane, kasoro siku tatu. Hizo siku tatu amezihesabu mwenyewe na ametuagiza tusizifiche. Kwa fundi wa maumbo ya mbao, kasoro ni kasoro.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 3 Novemba 1952. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, ametoka Friesland, Uholanzi, alikojifunza kuunda mashua kwa babake. Kesho yake mchana kiwanda kizima kilisimama kimya, watu wakaizunguka redio. Wiebe akavua kofia na kumnong'oneza jirani yake, "Pole sana. Nani amekufa?" Hakuna aliyekufa. Zilikuwa mbio za farasi za Kombe la Melbourne. Hadithi hiyo amesimuliwa kila Novemba tangu siku hiyo, na kila Novemba huisikiliza kwa adabu kana kwamba ni mpya.

Wakati huo alikuwa akija kazini na viatu vya mbao, na karakana ikambatiza jina la Mtalawanda. Viatu aliviacha mwaka 1955. Jina halikumwacha.

Kwa wale walioingia kiwandani juzi na kudhani injini huzaliwa kwenye karatasi, kazi yake ni hii. Mhandisi huchora. Fundi wa maumbo huuchonga mchoro ule katika mbao, sehemu kwa sehemu, ndani na nje. Umbo hushindiliwa mchangani, likitolewa huacha uwazi, na katika uwazi huo karakana ya kusubu humimina chuma kilichoyeyuka. Basi kila injini tuliyowahi kutengeneza ilikuwa mti kabla ya kuwa chuma, na mti huo ulipita mikononi mwa Wiebe.

Na injini ninayoizungumzia ni Mulga, ile ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya lita mbili na robo, mwaka 1961. Ikafuata ya lita mbili na nusu, halafu tatu, halafu tatu na robo. Wote hao ni ndugu wa tumbo moja. Mulga imevuta matrela ya kondoo, imesukuma maji mashambani, imeendesha teksi ambazo madereva wake walichoka kabla yake. Nayaandika haya kwa makusudi, kwa sababu miaka yote hiyo tumesikia kutoka kwa waungwana wa Melbourne wenye kalamu nzuri na mikono laini kwamba nchi hii inafaa kufuga kondoo na kuchimba mawe, na kwamba injini ni mambo ya watu wa ng'ambo. Wamesema Mulga imeigwa. Imeigwa wapi? Nani mwingine aliunda injini ya kuwaka asubuhi ya barafu ya Ballarat na kuvumilia mchana wa vumbi wa Broken Hill, tena kwa petroli ya pipa lenye kutu? Walete hiyo injini mama tuione. Tumengoja miaka ishirini na minane.

Lakini ilibaki kidogo tu maneno yao yatimie, na hapo ndipo wasifu wa Wiebe unapoanza hasa.

Mwaka 1974 sheria mpya ya moshi ilikuwa inakuja. Mulga ilihitaji silinda hedi mpya, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda zote sita, ama ife. Wamiliki wetu wa ng'ambo walikuwa na injini yao tayari wakitaka tuinunue. Wakampa mhandisi wetu mkuu, Keith Abernethy, hadi mwisho wa Oktoba: hedi mpya ipite majaribio, la sivyo karakana ya kusubu ifungwe na Mulga iishie hapo. Karakana ile ilikuwa na watu mia mbili na arobaini.

Hedi ya kwanza ilipasuka baada ya saa tisini na moja. Ya pili, saa themanini. Ya tatu haikufika hata hamsini. Na kila mara ufa ulikuwa pale pale, kwenye silinda ya sita, ya mwisho kabisa nyuma.

Wamiliki wakatuma mtaalamu. Alikaa siku mbili, akanywa chai yetu na kutoa hukumu: injini ni ndefu mno, maji ya kupoza hayafiki vizuri nyuma, kosa ni la mchoro wenyewe na halina dawa. Wale ambao hawakumwamini walimlaumu Salvatore Cutrupi, mkuu wa karakana ya kusubu, kwamba chuma chake ni kibovu. Kila alipopita, mtu alikohoa.

Alhamisi moja mwishoni mwa Septemba, wakati wa chai, Sal akachoka. Aliiweka pai yake ya nyama mezani na kusimama.

"Chuma changu hakina kosa!" akasema. "Kingekuwa kibovu kingepasuka popote. Mbona kila siku ni ya sita tu? Kwenye ya kwanza hakipasuki, kwenye ya tatu hakipasuki. Eti chuma changu kimejifunza kuhesabu?"

Watu wakacheka. Wiebe hakucheka. Alikuwa ameshika mkate wake katikati ya meza na mdomo.

"Wewe Mtalawanda, umeona jini?" Sal akamuuliza.

"Chuma hakijui kuhesabu, Sal," akajibu polepole. "Rula ndiyo inayojua." Akauacha mkate pale, akaondoka.

Hapa nieleze jambo moja ambalo kila fundi wa maumbo duniani analijua na wengine wote hawalijui. Chuma kinapopoa husinyaa. Kwa hiyo rula ya fundi wa maumbo hudanganya kwa makusudi: mita moja juu yake ni mita moja na sentimita moja ya kweli, ili chuma kikishasinyaa kirudi kwenye kipimo cha mchoro. Alumini husinyaa zaidi, kwa hiyo rula ya alumini hudanganya zaidi. Zamani kila fundi alikuwa na rula zake mwenyewe, kachora jina lake juu yake, na kuazima rula ya mwenzio kulikuwa kama kuazima mswaki wake. Mwaka ule nchi ilipohama kutoka inchi kwenda milimita, wakubwa walizikusanya rula zote za zamani na kuleta mpya, zote za rangi moja na upana mmoja, wakazitupa ndani ya droo moja ya wote. Waliita hayo maendeleo.

Wiebe alilitafuta lile sanduku la mbao alilolichonga Julai, linaloumba kiini cha mchanga kinachoacha njia za maji ndani ya hedi. Akalipima kuanzia mbele, pale vipimo vyote vinapoanzia. Kwenye silinda ya kwanza, sawa. Ya pili, tofauti ya unywele. Ya tatu, unywele na nusu. Alipofika ya sita, kiini kilikuwa kimesogea karibu milimita mbili. Ukuta uliopaswa kuwa na unene wa milimita tano ulikuwa na tatu tu. Umbo la nje alikuwa amelipima kwa rula ya chuma. Kiini, kwa rula ya alumini.

Mkutano wa uamuzi ulikuwa asubuhi ya Ijumaa. Mtaalamu alikwishafungua kalamu. Mimi nilikuwepo kwa niaba ya chumba cha majaribio, nikiwa na taarifa yangu ya nyufa tatu, kwa hiyo sisimuliwi. Mlango ulifunguliwa akaingia Wiebe na aproni yake, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, sanduku kwapani. Akaziweka rula mbili mezani, ubavu kwa ubavu, mkia kwa mkia. Vichwa vyake havikulingana.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilishika rula ya alumini. Mchoro wa Keith hauna doa, na chuma cha Sal hakina doa. Nipeni siku tisa nichonge sanduku jingine."

Keith Abernethy ni mtu mwema, akajaribu kumpa mwavuli. "Ni ile droo, Wiebe. Rula zote zinafanana. Yeyote angekosea."

"Droo haina macho, Keith. Mimi ninayo mawili."

Mtaalamu akamgeukia. "Unajua kwamba kwa kosa kama hili mtu anaweza kufukuzwa kazi?"

"Najua, bwana. Nifukuzeni," akasema Wiebe, "ila iwe siku ya kumi."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu ushujaa, na vingi vimeandikwa na watu waliokuwa mbali. Nitasema nilichokiona. Mtu yule alikuwa na watoto wanne na nyumba isiyomalizika kulipiwa. Hakuna aliyekuwa anamshuku. Angenyamaza, mchoro ungebeba lawama, Mulga ingezikwa kwa heshima zote, naye angepata kazi kwa waunda makabati wiki inayofuata. Watu mia mbili na arobaini wangerudi nyumbani bila kujua hata siku moja kwamba waliuawa na milimita mbili. Na ile droo, bwana Abernethy alikuwa sahihi, ilikuwa upumbavu wa ofisini. Wiebe amekataa kulisema hilo miaka kumi na mitano. Mimi nalisema leo, kwa maandishi, ambako hawezi kunizuia.

Sanduku jipya lilikamilika siku ya nane. Sal alimimina chuma mwenyewe, hakumruhusu mtu mwingine kugusa kijiko kikubwa. Hedi ya nne tuliiwasha tukaifungulia petroli yote, ikanguruma saa mia moja, mia mbili, mia tatu. Saa ya mia nne tulizima kwa sababu kelele zilikuwa zimetuchosha sisi, si yenyewe. Tulipoifungua, silinda ya sita ilikuwa safi kama sahani ya harusi. Mtaalamu alirudi kwao na kalamu yake. Na siku ya kumi ilifika, ikapita, na hakuna aliyemfukuza mtu.

Rula ile mbaya Wiebe aliipaka rangi nyekundu na kuipigilia ukutani juu ya meza yake. Iko pale mpaka leo. Juma lililofuata rula za droo ziligawiwa, kila mtu akachora jina lake.

Hedi ile ndiyo iliyoivusha Mulga kwenye sheria ya moshi mwaka 1976. Ndiyo iliyopokea mfumo wa kupulizia petroli mwaka 1982, na ndiyo, baada ya Wiebe kuchonga upya vikalio vya valvu, iliyokubali petroli isiyo na risasi mwaka 1986, wakati magazeti yalipoandika tena tanzia yetu. Magazeti yale sasa yanafungia samaki. Mwaka jana Mulga ya laki sita ilitoka kiwandani.

Na kuna ile nukta. Mafundi wa gereji nchi nzima wanaijua: kijinundu cha chuma mfano wa punje ya dengu, kwenye ukuta wa nje wa hedi, kando ya silinda ya sita. Nimewasikia wakibishana. Mmoja wa Geelong aliniapia kwamba ni alama ya chuma cha daraja la kwanza. Mwingine, Adelaide, huitafuta kwa kurunzi kabla ya kununua injini kuukuu. Mwaka 1982 ofisi ya michoro ilitaka kuiondoa, ikaandika kuuliza kazi yake ni nini. Wiebe, aliyeichonga mwenyewe kwenye umbo la hedi ya nne, alijibu kwa mstari mmoja: "Kazi yake ni kunikumbusha mimi." Keith Abernethy akaandika chini yake: "Ibaki," akatia sahihi. Ndiyo kisa chake. Fundi wa Geelong asikasirike. Kwa namna yake hakukosea.

Hatutasahau mengine. Kwamba mtu aliyechonga injini alikuja kazini kwa baiskeli hadi mwaka 1978, akanunua gari siku aliyoona hedi mpya imetimiza miaka miwili barabarani bila ufa. Kwamba alimpa waziri wa viwanda peremende nyeusi ya chumvi ya kwao, na waziri akahutubia dakika tano nzima bila kuthubutu kumeza wala kutema. Kwamba mkewe, Tjitske, alituletea keki kila Desemba na kutuuliza kwa nini tunamrudisha mumewe nyumbani na nusu ya mti masikioni. Sasa anarudishiwa mume mzima. Kuna mashua haijamaliziwa nyuma ya nyumba yao, na Ziwa Wendouree halijahama.

Ijumaa saa tisa, kwa desturi yetu, kila mtu atapiga meza yake kwa nyundo ya mbao Wiebe akipita kuelekea mlangoni. Sal, aliyestaafu miaka minne iliyopita, amesema atakuja na nyundo yake, na asitokee mtu wa kumfundisha mahali pa kupiga.

Hatumpi saa ya ukutani. Mafundi wa maumbo wamemtengenezea rula, kwa mti wa mulga wenyewe, ule wa nchi kavu ulioipa injini yetu jina, na jina la Wiebe limechorwa juu yake. Ni rula ya kawaida. Mita yake ni mita kamili, haikuongezwa hata unywele. Kwa miaka yote hii, Wiebe, umepima kila kitu ukijua kwamba kikipoa kitapungua. Wewe tumekupima tangu ile Ijumaa ulipoingia na vumbi kwenye nyusi, ukiwa moto na ukiwa baridi, na hujapungua.

Asante, Mtalawanda. Nenda salama, upate upepo mzuri ziwani na miaka mingi pamoja na Tjitske. Rula nyekundu tutaitunza ukutani, na nukta itabaki pale pale.