Kivinjari Kipya Kikae Mlangoni

Mgeni rasmi, mlezi wetu Mzee Taimur, shikamoo. Majirani na waalikwa wote, habari za mchana.

KARIBU
Sisi wanakikundi wa Tusaidiane, wenye steshenari hii ya Kariakoo, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Leo tunapumua, ndiyo maana hata pilau limewahi kuiva.

TULIKOTOKA
Tulianza na kompyuta chakavu ulizotupatia ulipofunga ofisi yako ya zamani. Mwenzetu Vitalis akaziwekea Linux, mfumo usiolipiwa, zikafufuka. Sasa watu wanatoka Ilala na Magomeni kuja kwetu kuomba vyuo, mikopo na leseni.

CHANGAMOTO
Mwaka jana ulitushauri tuachane na kivinjari, yaani programu ya kufungulia mtandao, cha toleo thabiti lililokwisha kupimwa, tuweke toleo la majaribio, ambalo watengenezaji wenyewe bado wanalipika. Ulisema, "Kariakoo mzigo mpya ndio unaouza." Kipya kinyemi ingawa kidonda. Tukaliweka kwenye kompyuta zote, na tangazo tukabandika nje.

Siku ya mwisho ya maombi ya vyuo, mjukuu wako Rasha alikuja kwetu. Kila akibonyeza kutuma, kivinjari kinajifunga chenyewe. Akaanza kulia. Sisi tuliogopa, Mzee, hatukujua tungekutazamaje.

"Vitalis, rudisha lile la zamani, mtoto wa watu anakosa chuo!" alipiga kelele mwenzetu Celina. Vitalis akarudisha toleo thabiti, ombi likaenda muda ukiwa unayoyoma.

MAFANIKIO
Rasha amepata chuo. Ameketi hapo kulia kwako, na kila tukimwona tunashukuru upya.

Tumejifunza kwako pia. Wewe, katika biashara yako ya vitenge, hununui shehena kabla hujalowesha kipande kuona kama kinachuja. Basi kompyuta moja, ya mlangoni, ndiyo ya kuonjea toleo la majaribio, na kasoro tunawaandikia watengenezaji. Nyingine zote zina toleo thabiti, ambalo nalo husasishwa.

MAOMBI
Tunaomba feni, joto limezidi. Tunaomba pia uendelee kutushauri.

Mwisho, tumeona umekuja na flashi. Rasha ametunong'oneza kwamba ndani mna toleo jingine, jipya kuliko lile. Tunaipokea kwa mikono miwili, Mzee wetu. Itakaa mlangoni.

Mungu akulinde, vitenge vyako visichuje, na Rasha amalize masomo salama.

Ni sisi, Kikundi cha Tusaidiane, Kariakoo.
Msomaji: Clotilda, katibu.