Aliyeiunda Sauti Hii

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 katika chumba cha uani, nyuma ya kinu cha nafaka, mtoto wa pili wa fundi baiskeli na mkunga. Anayewasomea ni mdogo wake, muuza vyuma na vifaa vya umeme vilivyotumika. Mniwie radhi nikitaja kila kitu kwa bei yake halisi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960. Huko alikaa dawati moja na rafiki ambaye hakuachana naye tena, hata watu wakamwita huyo rafiki Pacha, na jina likamganda. Marehemu alipenda kujua kitu kinafanyaje kazi. Pacha alipenda kusimama mbele za watu. Mwalimu akiuliza swali, Marehemu alinong'ona jibu, Pacha akainua mkono na kupigiwa makofi. Marehemu alicheka tu. Alihitimu chuo cha ufundi umeme mwaka 1972, na tangu mwaka uliofuata hadi alipostaafu 2007 alikuwa katika kiwanda cha nguo, akisuka upya mota zilizoungua.

Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa wifi yangu, mshonaji, na Pacha akasimama kama msimamizi wake. Walijaliwa binti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 1983 sinema ya mjini ilifungwa, nami nikanunua vyuma vyake. Ndani yake mlikuwa na valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Kaka aliziona, akaniambia, "Dada, hizi usiziuze. Nitakuundia kitu." Akaunda amplifaya, kwa mtindo alioueleza hivi: valvu ndogo inaigawa sauti njia mbili, kisha valvu mbili kubwa zinabeba kazi pamoja, moja ikisukuma, nyingine ikivuta, na transfoma inaziunganisha na kuipeleka sauti kwenye spika. Alizipima zile kubwa moja moja mpaka akapata mbili zinazolingana. "Zisipolingana," alisema, "moja inabeba mzigo wa mwenzake mpaka inaungua."

Transfoma hiyo aliisuka kwa mikono yake. Alikosa karatasi ya kutenganisha tabaka za waya, basi akachukua zile ambazo wifi alikatia mitindo ya nguo, zenye maandishi yake ya penseli, akazipaka vanishi. Wifi alipozitafuta, gauni la mteja lilikuwa nusu. "Baba nanihii, bega la kushoto liko wapi?" Kaka akajibu, "Linaimba."

Halikuimba upesi. Alipowasha mara ya kwanza ulitoka mvumo, na jirani akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta, "Jamani, mmefuga nyuki?" Kaka hakubadilisha kitu. Aliigeuza tu transfoma ya umeme ikakaa upande, isitazamane na ile ya sauti, na mvumo ukafa. Akaweka santuri, na kabla mwimbaji hajaanza tulimsikia akivuta pumzi. Pacha alikuwepo. Alisema, "Ndugu yangu, hiki si cha kukaa chumbani."

Mwaka 1985 Pacha alikiazima kwa ajili ya harusi. Alirudi na transfoma iliyoungua ndani ya gunia. "Imeteketea yote, Pacha wangu. Nimeokoa hii tu. Nisamehe." Alilia, na Marehemu akambembeleza. Alipoondoka, Marehemu aliichambua mezani. Ndani mlikuwa na karatasi ya kiwandani, ya kahawia, haina hata alama ya penseli. Alimwambia mkewe, "Hii sikuisuka mimi." Kisha akairudisha ndani ya gunia.

Mwaka huohuo Pacha alianza kukodisha vyombo kumbini, na amplifaya yake mpya yenye sanduku jeusi. Mji mzima ulisifu: sauti ya Pacha haina mpinzani. Nilitaka kwenda kumfichua mbele za wateja wake. Kaka alinikataza: "Nikimuuliza, nitamlazimisha adanganye mara ya pili. Mwache aseme mwenyewe." Akangoja. Hakuunda kingine tena.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Pacha alikuja kila Jumapili na matunda, akakaa, akasimulia mambo ya shule. Kila alipoaga, Marehemu aliushika mkono wake kidogo zaidi ya kawaida, akimtazama. Pacha aliuchomoa, akasema, "Haya, upone." Marehemu alifariki dunia hospitalini tarehe 2 Mei, alfajiri, bado akingoja.

Subira ilikuwa yake. Mimi ni mfanyabiashara. Nilimwomba Pacha atuletee chombo chake kwa ajili ya msiba, naye akakileta juzi nyumbani kwa moyo mkunjufu. Alipokwenda kunywa chai, wifi alifungua kifuniko cha chini. Transfoma imefungwa kwa karatasi iliyopakwa vanishi, na mwandiko ni wake: bega la kushoto. Ndiyo maana programu hizi, zenye wasifu huu ninaosoma, mmegawiwa baada ya kuwashwa vyombo, si kabla, asije akakiondoa.

Kwa hiyo sauti inayowafikia sasa hivi, mpaka ninyi mliosimama nyuma, ni ya Marehemu. Kabla sijaanza kusoma mlinisikia nikivuta pumzi. Hivyo ndivyo alivyoiunda.

Pacha, umekaa safu ya pili. Bado una nafasi ya kusema, kaburi halijafukiwa. Kipaza sauti kiko hapa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na amplifaya moja, ambayo leo inarudi nyumbani kwa mjane.

Apumzike, kaka yetu, mahali pasipo na mvumo.