Mama Rumintang, Aliyeviuguza Vitoto vya Nguruwe

Ndugu wa ukoo, majirani na wakwe mliofika, tunawashukuru. Maisha ya marehemu Tiomsi boru Manullang, binti wa ukoo wa Manullang, mama yetu na dada yetu, hayaenei katika karatasi moja, lakini tutajaribu.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1966 katika kijiji cha Huta Bariba, Humbang, akiwa mtoto wa tano wa wazazi wakulima wa kahawa. Walikuwa saba, leo amebaki mmoja.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha miaka mitatu ya sekondari Dolok Sanggul, akitembea kilomita sita kwenda na sita kurudi katika ukungu. Hakuendelea. Zamu ilikuwa ya kaka zake, na yeye hakuwahi kuwasimanga.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa kanisani na Jahotang Simamora. Mungu akawapa Rumintang, Delima na Togap, na tangu wa kwanza azaliwe hakuna aliyemwita jina lingine ila Mama Rumintang.

Kazi yake mnaijua. Mwaka 1998 alihudhuria mafunzo ya siku tatu ya bwana mifugo. Alirudi na daftari moja, na tangu hapo kila nguruwe jike alipozaa bondeni hapa, yeye aliitwa. Alikuwa akisema, "Tumboni mwa kila nguruwe kuna kijiji. Mna wakazi wema na mna wezi. Mtoto akiachishwa ziwa, wema wanayumba, wezi wanashika uongozi, ndipo anaharisha." Alipika maji ya mchele, akatia chumvi kidogo na sukari, akamnywesha kila kitoto kwa kijiko. Siku moja baba alinung'unika mbele ya wageni, "Mbona mimi nikiharisha hunipikii?" Akajibiwa papo hapo, "Wewe una mdomo wa kuomba, tena mkubwa. Hawa hawana." Wageni walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Novemba mwaka jana, hospitali moja ya Medan ilimkuta na saratani ya kizazi, imekwisha kusambaa. Aliomba arudishwe nyumbani. Togap alikuwa amekwisha kumposa Lamria boru Purba, na harusi ilipangwa tarehe 23 Juni. Mama alitaka jambo moja tu: aifikie siku hiyo, na nguruwe wa karamu wa upande wetu awe wa mkono wake mwenyewe, si wa kununua gulioni. Tarehe 20 Desemba nguruwe wake alizaa kumi na mmoja. Alibebwa kitini hadi bandani kuwahesabu.

Mwishoni mwa Januari, vitoto vilipokuwa vimetoka tu kuachishwa ziwa, Togap alirudi kutoka karamu ya ukoo na fungu letu la nyama ya nguruwe, na matumbo yakiwamo. Bomba lilikuwa limekatika siku mbili. Akayaosha matumbo yale mabichi katika hori la maji ya vitoto, hakuyamwaga, akaongeza mengine, akaona yametosha. Siku ya tatu banda zima lilikuwa limejaa mharo wa njano. Wanne walikufa kabla ya jua kutua.

Mama aliposikia aliinuka. Rumintang alimzuia, "Mama, utajimaliza kwa ajili ya nguruwe?" Akasema, "Kwa ajili ya nguruwe ningelala. Nipe kijiko."

Siku tano alikaa bandani juu ya gunia, blanketi begani, akinywesha kimoja kimoja. Togap alikuwa akisugua sakafu kwa chokaa, analia. Akasema, "Mama, hawa nimewaua mimi. Na wewe nakuua." Maneno aliyojibiwa, Togap ameomba yasomwe kama yalivyosemwa:

"Baba, mwaka wangu wa kwanza niliua tisa. Nilitoka banda la mtu nikaingia la mwingine, sikunawa mikono wala miguu, najiona daktari. Nani alinifunga? Acha kulia, lete maji ya moto."

Saba walipona. Yeye hakurudi tena kukaa kitini. Alituagiza nguruwe mkubwa kati ya wale saba asichinjwe kwenye mazishi yake. "Nimemuuguza kwa ajili ya furaha," alisema, "msinipe mimi." Kwa hiyo nyama mtakayogawiwa leo ni ya jirani, aliyeitoa kwa moyo.

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Aprili 2018, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Zilibaki wiki kumi kufika harusi. Ngoma hazitapigwa, kwa kuwa amekufa kabla ya kumwoza mwanawe wa mwisho, na mila ni mila.

Ameacha mume, Jahotang. Dada yake mmoja. Watoto wake Rumintang, Delima na Togap. Wakwe wawili wa kiume na wajukuu watatu. Wazee walisema jina la Lamria lisiandikwe, maana bado hajaolewa. Jana baba aliichukua kalamu mwenyewe. Ameacha pia mkwe mmoja wa kike, Lamria.

Ulale salama, mama.