Kiti Kimoja Kwenye Gari la Mkwe

RISALA YA AKINA MAMA WA UDAGA, BUGWEMA, KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUFUNGUA BANDA LETU LA KUANIKIA

Mgeni rasmi, Bwana Stanislausi Machibya, Afisa Maendeleo ya Jamii uliyetoka Bunda asubuhi hii na vumbi lote hilo; Mtendaji wa kijiji; Katekista; wazee wetu; na nyinyi watoto mliofuata harufu ya wali: tunawasalimu wote.

Mgeni rasmi, karibu sana. Kwetu wewe si mgeni tu, ni mkwe. Ulimwoa Debora, binti wa Katibu wetu Mama Nyamburi, ukamwoa kanisani, na ng'ombe walifika wote na pembe zao. Ndiyo maana leo tumepata shida ya itifaki. Mgeni rasmi lazima akae mbele, na mama mkwe hawezi kukaa mbele ya macho ya mkwe wake. Tumemaliza hivi: yeye yuko nyuma ya yale magunia, upande wako wa kushoto. Usigeuke. Anasikia vizuri.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza na kinu kimoja cha Mama Boke. Kila mtu alikuwa anakiazima na hakuna aliyekuwa anakirudisha. Mama Boke akachoka kukifuata nyumba kwa nyumba, akasema, "Basi njooni mtwangie hapahapa kwangu, angalau nikione." Tukaja. Tukitwanga tunaongea, tukiongea tunagombana, tukigombana tunapatana, mwisho tukajikuta tumekuwa kikundi.

Wengine wetu ni Wajita, wengine Wakurya, wengine Wazanaki. Kugombana kila mmoja anagombana kwa lugha ya mama yake, ila kupatana tunapatana kwa Kiswahili. Kazi yetu ni udaga, yaani muhogo unaovundikwa, unavunjwavunjwa, unaanikwa, kisha unasagwa unga wa ugali. Ukatibu tulimpa Mama Nyamburi kwa sababu, ingawa aliishia darasa la nne, mwandiko wake unasomeka kuliko wa daktari. Tena ni mvumilivu. Ana wajukuu kwa watoto wake wa kiume, na hajawahi kumpiga hata mmoja, pamoja na kwamba wapo waliostahili.

TULIYOFANIKIWA

Banda hili unaliona. Halivuji, tumelimwagia maji wenyewe kulijaribu.

Lakini mafanikio yetu makubwa ni semina uliyotuletea mwaka jana, ya mawasiliano katika vikundi vidogo. Kabla ya hapo tulikuwa tunaongea wote kwa pamoja, na aliyenyamaza tulidhani anaumwa. Wewe ukatufundisha kusikiliza. Ulituweka duara, ukasema kila mmoja amtazame mwenzake machoni. Tukatazamana. Mara na wewe ukatazama, ukamwona nani? Mama Nyamburi aliinuka, akageuza kiti chake, akatupa mgongo. Na wewe ukageukia ubao. Semina nzima ukaufundisha ubao, na ubao ulielewa sana.

Ukafika wakati wa kuita mahudhurio. Mkwe hatamki jina la mama mkwe, hilo sote tunalijua. Ukaita Marcelina, ukaita Boke, ukaita Yuliana, ulipofika kwake ukakohoa. Naye kutoka kule alikogeukia akaitika, "Nipo!" Mpaka leo mtu akikohoa hapa kijijini, watoto wanaitikaga, "Nipo!" Katekista anaweza kushuhudia, maana alikuwa na mafua wakati wa Kwaresma.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni mbuzi wa Mzee Masanja, ambao wanaupenda udaga wetu kuliko wateja. Mzee Masanja yupo hapa, kwa hiyo tusiseme zaidi.

Ya pili ni nzito kidogo. Tunaomba makofi yasubiri.

Mgeni rasmi, Debora anatazamia mwezi huu, na ni mimba yake ya kwanza. Siku moja tulikuwa tunachagua udaga, Mama Nyamburi akamwambia Mama Boke, "Natamani nikamkande mwanangu akijifungua, nimpikie uji, nimwogeshee mtoto. Ila siwezi kulala chini ya paa la mkwe. Ningepata hata kwa jirani, ningekwenda." Ndiyo maneno yake, hakuna la zaidi.

Sasa, maneno hayo yatakufikiaje? Yeye hawezi kukupigia simu. Kumtuma Debora hakutaka. Alisema mtoto hawekwi katikati ya mama yake na mume wake, hapo katikati pana baridi. Kwa hiyo Debora akipiga simu, walikuwa wanaulizana habari za mvua.

Basi Mama Boke akamtuma Matiko, kijana wetu wa bodaboda anayepeleka unga Bunda. Akamwambia, "Mwambie mkwe, mama anasema pale kwake hapamfai kulala." Matiko hakukukuta, akamwachia maneno jirani yako Recho: "Mama mkwe anasema nyumba haimfai." Recho naye akakungoja getini, akakwambia, "Shemeji, nimeletewa habari. Mama mkwe wako anasema nyumba yako hiyo hakanyagi."

Wewe ulijenga nyumba hiyo kwa jasho lako, ukaweka na vigae. Ukaumia. Ukajibu, "Basi asijisumbue. Nitatafuta dada wa kazi."

Jibu likarudi kwa njia ileile, na kila lilipopumzika likaongezwa chumvi. Lilipofika hapa likawa, "Mkwe anasema hakuhitaji. Ameshapata mtu wa maana."

Mama Nyamburi alikuwa amekusanya kanga zake za zamani, zile zilizolainika kwa kufuliwa, za kumpokelea mtoto. Akazichukua akampa Mama Boke. "Kata matambara ya kufutia mashine ya kusagia," alisema, akaendelea kuchagua udaga. Alichagua vibaya. Mabaya aliyaweka kwenye mazuri, na hajawahi kufanya hivyo.

Mama Boke hakukata. Alikuja kwetu na kanga mikononi, analia. "Jamani, mimi nilimtuma Matiko neno gani?"

Tukakumbuka mchezo wako wa semina, ule wa kunong'onezana. Ulimnong'oneza wa kwanza kwamba mvua ikinyesha tuanue udaga, wa mwisho akasimama akatangaza kwamba Mzee Masanja anaoa. Tulicheka mpaka mke wake akaja kuuliza ni nani. Basi tukakaa duara vilevile. Matiko tukamketisha katikati, Recho tukampigia simu tukaiweka sauti kubwa. Kila mmoja akataja alichopewa, halafu akataja alichoongeza. Matiko alisema, "Mimi nilifupisha tu, mama zangu, barabara ilikuwa mbaya." Recho alisema, "Mimi nilinogesha, habari ilikuwa kavu." Tulipomaliza kuondoa chumvi ya kila mtu, pale chini tulikuta mama anayetaka kwenda kumkanda mtoto wake, na mkwe aliyeumia kudharauliwa nyumba. Hakuna aliyemkataa mwenzake.

Mgeni rasmi, ulitufundisha vizuri. Ila fundi seremala naye kwake mlango haufungi.

MAOMBI

Tunaomba turubai mbili za kuanikia. Tunaziomba kila mwaka, na tumeziandika hapa ili risala ifanane na risala.

Ombi lenyewe ni hili. Gari ulilokuja nalo tumelizunguka tukalitazama. Lina viti. Tunaomba kiti kimoja cha kwenda Bunda leo, cha nyuma kabisa. Wewe utakaa mbele na dereva. Katikati tutamweka Mama Boke na ndoo ya dagaa, ili mtu asione asichotakiwa kuona. Mama Boke atarudi kesho, ndoo itabaki.

Kulala kusikupe shida. Recho ametoa chumba kwake, anasema ni cha kulipia chumvi. Ukuta wake na wako ni mmoja, mtoto akilia bibi atasikia. Mchana atashinda kwako na Debora; ukitoka kazini utapiga honi getini, naye atatokea mlango wa jikoni arudi kwa Recho. Heshima itabaki palepale na mtoto ataogeshwa. Huyo dada wa kazi kama umeshampata, mwache afue.

Tunaomba utujibu hapahapa, kwa kinywa chako, bila kumtuma mtu. Na kama neno litakuwa zito mbele za watu wote hawa, basi kohoa tu, kama siku ile ya mahudhurio. Kikohozi hakiongezwi chumvi njiani. Yule wa nyuma ya magunia atajua la kuitika.

Begi lake liko mlangoni pa banda, na zile kanga zimo. Ukikubali, Matiko atalipandisha garini. Ukikataa, tutasema ni la Mama Boke, na wali utaliwa vilevile.

Mungu amfungue Debora salama. Akupe mtoto mwenye sauti kubwa, na masikio makubwa zaidi. Akurudishe hapa kwetu kila mwaka, na kila mwaka tutafute magunia ya kutosha.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama wa Udaga, Bugwema.

Imesomwa na Mwenyekiti, Mama Marcelina, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Imeandikwa na Katibu, unayemfahamu kwa mgongo.